Kupima barabara: sasa ni Jumamosi

Assalam aleikum na habari za jioni, majirani.

Kazi ya kupima barabara imerudishwa nyuma: si Jumapili tena, ni Jumamosi hii saa 12:30 asubuhi, pale kwenye mwembe. Jumapili kuna harusi na turubai litafunga njia. Hatugombani na harusi, pilau tutakula.

Vipimo tunaviambatanisha na barua yetu kwa TARURA (wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini), maana "barabara ni mbovu" kila mtaa wa Ngamiani unaweza kuandika. Tuonyeshe ni mita ngapi toka ukuta hadi ukuta, na mwenda kwa miguu kabakiwa na ngapi baada ya meza za biashara na bodaboda. Tanga yetu ni mji wa baiskeli, lakini asubuhi baiskeli na watoto wa shule wanagombea ukanda mmoja. Na ule mtaro mbele ya genge bado umefunikwa kwa mlango wa kabati! Juzi bibi mmoja nusura atumbukie.

1. Fundi ujenzi: njoo na futi ya mita 30.
2. Vijana wanne: kuhesabu baiskeli, bodaboda na wapita njia, saa 1 hadi saa 2.
3. Kila kaya sh. 2,000 za kopi na chai, kwa mweka hazina kabla ya Ijumaa jioni. Asiye nayo aje tu.

Wenye meza msiwe na wasiwasi, hatupimi ili kumhamisha mtu.

Tafadhali andika NIPO au SIPO kabla ya kesho saa 3 usiku, nijue chapati ngapi.