Malalamiko kuhusu seva yenu kukataa barua pepe za wateja wa majumbani

Kwa Meneja wa Ufundi,
Idara ya Barua Pepe.

Ndugu Meneja,

YAH: WATEJA KUKATALIWA BAADA YA KUINGIA KWA NENOSIRI SAHIHI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunawaandikia kwa niaba ya wateja wenu wanaotuma barua pepe kutoka nyumbani kupitia poti 587, mlango wa seva wa kutumia wateja kutuma barua. Wanalipia huduma, wanaweka nenosiri sahihi, seva inawapokea, kisha barua inagonga mwamba kwa ujumbe huu:

504 5.5.2 <DESKTOP-4K7QX2M>: Helo command rejected: need fully-qualified hostname

Yaani, seva imekataa jina la mashine kwa kuwa si jina kamili lenye kikoa. Wengine hupata 450 4.7.1 yenye maneno "Host not found", yaani jina hilo halikupatikana. Yote mawili ni majibu ya Postfix, programu inayoendesha seva yenu ya barua, na yanaonyesha kosa lilipo: kwenye mipangilio yenu, si kwenye kompyuta ya mteja.

Programu ya barua inapoanza kuongea na seva hujitambulisha kwa amri ya EHLO na jina la mashine. Outlook hutaja jina ambalo Windows imeipa kompyuta, neno moja lisilo na nukta wala kikoa. Thunderbird hutaja anwani ya IP ndani ya mabano ya mraba, mfano [192.168.1.23], na muundo huo hupita. Ndiyo maana mtu yuleyule, kwa akaunti ileile na ruta ileile, anatuma vizuri kwa programu moja na kukataliwa kwa nyingine. Kumwambia mtu huyo abadilishe nenosiri, kama dawati lenu la wateja linavyofanya, ni kumpotezea muda.

Wengine wameelekezwa wakaombe rekodi ya PTR, inayotaja jina la anwani ya IP, kwa mtoa huduma wao wa intaneti. Ushauri huu hauna msingi. Laini ya nyumbani hupewa anwani inayobadilika, na kwenye intaneti ya simu wateja wengi hukaa nyuma ya anwani moja ya umma, huku vifaa vyao vikipewa anwani za ndani, mara nyingi za kundi la 100.64.0.0/10. Rekodi ya PTR ya anwani hiyo ya pamoja si ya mteja yeyote mmoja. Hata angeipata, 504 ile isingeondoka, kwa kuwa ukaguzi huo hautazami PTR kabisa. Unatazama neno lililoandikwa kwenye EHLO.

Jaribuni wenyewe. Unganisheni kwa amri ya openssl s_client -starttls smtp -crlf kwenye poti 587, andikeni EHLO DESKTOP-4K7QX2M, kisha AUTH PLAIN, amri ya kutoa jina la akaunti na nenosiri. Mtaona 235 2.7.0, maana yake mteja ametambuliwa. MAIL FROM, amri ya kutaja mtumaji, itapita. Andikeni rcpt to, amri ya kutaja mpokeaji, kwa herufi ndogo, kwa sababu herufi kubwa R mwanzoni mwa mstari huchukuliwa na openssl kama amri yake. Hapo ndipo 504 hutokea. Rudieni yote kwa EHLO example.com: barua inapita, ingawa kompyuta hiyo haina uhusiano wowote na example.com. Basi ukaguzi huu unamzuia mteja mkweli na kumfungulia mlango tapeli anayejua kuandika jina lolote lenye nukta.

RFC 5321, waraka wa kanuni za barua pepe wa mwaka 2008, kifungu cha 4.1.4, inaruhusu seva kuhakiki kama jina la EHLO linalingana na IP, lakini inakataza kukataa barua kwa sababu uhakiki huo umeshindwa. Hatugombani na ukali wa poti 25, ambako seva ngeni huja bila nenosiri. Huko ukaguzi wa majina na PTR una kazi yake. Poti 587 ni ya wateja wenu wenyewe, na RFC 6409 ya mwaka 2011 imeitenga kwa kazi hiyo.

Marekebisho ni madogo. Katika main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, kwenye smtpd_helo_restrictions (ukaguzi wa EHLO), permit_sasl_authenticated (ruhusa ya walioingia kwa nenosiri) itangulie reject_non_fqdn_helo_hostname na reject_unknown_helo_hostname, kwa kuwa Postfix hufuata orodha kwa mpangilio na kusimama kwenye uamuzi wa kwanza. Hakikisheni pia kwa postconf kwamba smtpd_delay_reject ni yes. Ikiwa no, EHLO huhukumiwa kabla mteja hajatoa nenosiri, na ruhusa hiyo haifanyi kazi. Lililo bora zaidi ni kutenganisha kabisa: katika master.cf, faili la huduma za Postfix, chini ya huduma za poti 587 na 465, wekeni

  -o smtpd_helo_restrictions=
  -o smtpd_client_restrictions=
  -o smtpd_recipient_restrictions=permit_sasl_authenticated,reject

Mistari ianze kwa nafasi, na pasiwe na nafasi kandokando ya alama ya =. Kisha postfix reload. Mkihofia akaunti zilizoibwa, wekeni kikomo cha barua kwa kila akaunti, na tumieni reject_sender_login_mismatch pamoja na smtpd_sender_login_maps ili mtu asitume kwa anwani isiyo yake, mkiiweka kabla ya ruhusa yoyote ya walioingia.

Tunaomba marekebisho haya yafanyike, wateja waliokataliwa wajulishwe kwa maandishi kwamba kosa halikuwa lao, na dawati la wateja liache kuwatuma kutafuta PTR. Logi za majaribio yote mawili tumeziambatisha.

Wenu,
Mafundi wa mifumo, kwa niaba ya wateja wa majumbani