Kwa Hamisi, kuhusu masega yenye mapengo

Tabora mjini

Ndugu yangu Hamisi,

Mwangaluka! Salamu za nyumbani atakupa Mwajuma kwa mdomo, ndiye mbebaji wa barua hii, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye hoja. Ulivyoandika kwamba Jumamosi unaua malkia wa nyuki wa mizinga yote minne kwa ajili ya mapengo kwenye masega, umenishtua. Tafadhali usiue. Angalau usiue kabla hujahesabu mayai.

Picha zimefika. Sega lina mapengo kweli: chumba kimoja kimefunikwa, cha pili kitupu, cha tatu kina yai, cha nne kina buu changa. Lakini sioni buu lililokufa, na wewe mwenyewe unasema hakuna harufu. Ungekuwa ugonjwa wa kuoza majana (yaani mayai, mabuu na watoto walio chini ya vifuniko), vifuniko vingebonyea na kutoboka, na ukichokonoa kwa kijiti ungevuta ute mrefu kama uzi. Ukungu nao ungeacha mizoga migumu, myeupe, chini ya mzinga. Kwa hiyo nawaza jambo jingine, hasa kwa kuwa malkia wote wanne ni mabinti wa yule malkia mama mpole unayemsifia kila tukionana.

Malkia na vibarua (majike wanaofanya kazi za mzinga) wana kromosomu 32, zile nyuzi zinazobeba urithi, yaani seti mbili, moja ya mama na moja ya baba. Dume ana 16 tu, maana anatoka kwenye yai lisilorutubishwa. Hana baba, ila babu anaye (Mzee Mihayo akisikia hili atasema tumekunywa wanzuki, pombe ya asali). Ila kinachoamua jinsia si idadi ya seti yenyewe. Kuna jeni moja, ilitambuliwa mwaka 2003, na ina aina nyingi. Yai likiwa na aina mbili tofauti, anatoka jike. Likiwa na nakala moja tu, dume. Likirutubishwa halafu nakala zote mbili zikawa za aina ileile, anatoka dume pia, lakini dume wa seti mbili, na huyo vibarua hawamtaki. Akishaanguliwa, ndani ya saa chache wameshamla, chumba kinabaki kitupu, malkia anataga tena humo. Ndiyo sababu ya umri kuchanganyika kwenye sega. Mpolandi Jerzy Woyke alionyesha haya mwaka 1963, tena aliwatoa mabuu hao mzingani akawalea mwenyewe, wakakua. Si wagonjwa, wanaliwa tu.

Sasa chukua mabinti zako. Kila mmoja amebeba aina moja ya jeni hiyo kutoka kwa mama yake. Madume wa mama huyo wamebeba ama hiyo ama ile yake ya pili. Binti akipandwa na kaka zake watupu, nusu ya kaka hao wanafanana naye, na kwa hao, nusu ya mayai yaliyorutubishwa yanapotea. Robo ya majana imekwenda. Kwa kawaida malkia hupandwa na madume kama 10 hadi 20 wa makundi mbalimbali, hasara inamezwa wala huioni. Hapo ndipo nasita kidogo. Kwenye miombo ya Sikonge, yenye makundi ya mwituni kila mti wa mtundu na kila mti wa muba, undugu unatoka wapi? Labda uliyakata masega ya madume kwenye mizinga mingine, wakabaki madume wa mama huyo tu... tuyaache kwanza.

Hesabu hivi. Chagua sega lenye mayai mapya, yale yaliyosimama wima. Yai la siku ya pili huinama, la tatu hulala. Simama jua likiwa mgongoni liangaze hadi kwenye kina cha chumba. Weka karatasi ya nailoni inayoonyesha juu ya sega, tia alama kwa kalamu ya wino mzito kwenye vyumba 100 vyenye yai, na chora kiunzi (mti wa juu unaoshika sega) kilivyokaa ili urudishe karatasi palepale. Sega lisilo na fremu usililaze, litakatika kwa joto, lishike wima muda wote. Rudi siku ya nne: kila chumba kinapaswa kuwa na buu. Penye utupu, au yai jipya, hesabu pengo. Rudi tena baada ya siku tano uone vilivyofunikwa.

Mapengo yakitokea kati ya yai na buu changa, na mabuu yaliyobaki yakafika kwenye kifuniko salama, ni madume wa seti mbili. Yakitokea baadaye, ni njaa au ugonjwa. Nyuki wenye njaa hula hata mabuu makubwa, kwa hiyo angalia kwanza kama kuna chavua na asali karibu na majana, la sivyo utamsingizia malkia. Mapengo machache ni kawaida. Yakikaribia 25, shaka inakuwa kubwa.

Na hata ikithibitika, malkia hana kosa, ndoa ndiyo mbaya. Ukimuua, vibarua watalea binti yake, naye atapandwa na madume walewale wa manzuki yako (pale ulipoweka mizinga), tumerudi palepale. Dawa ni damu ngeni: tundika mizinga ya mtego mbali, ipakwe nta, au omba kwa Mzee Mihayo sega lenye mayai kutoka makundi yake mawili matatu. Na masega ya madume ya makundi hayo mageni usiyakate.

Kulwa naye mwambie aache mpango wa malkia wa Afrika Kusini. Vibarua wa nyuki wa Rasi, wa huko kusini mwa nchi hiyo, hutaga bila dume na mayai yao yanatoa majike ya seti mbili. Mwaka 1990 walihamishiwa kaskazini ya nchi yao, wakajipenyeza kwenye mizinga ya nyuki wa aina yetu, makundi kwa makundi yakafa. Mzaha huo hatuutaki huku.

Sasa nijibu. Masega ya madume uliyakata au hukuyakata? Malkia hao walipandwa hapohapo manzukini? Mwezi gani, kukiwa na maua au kiangazi? Yai ni moja kila chumba, katikati, au mengine yamebandikwa ukutani? Yakiwa ukutani ni vibarua wanaotaga, na yote niliyoandika hayahusu. Na bomba langu la moshi analo nani, wewe au Kulwa?

Wako,
Seif