Malalamiko: spika za omu 4 kuuzwa kwa kadi ya omu 8

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Bw./Bi. Meneja,

KUH: SPIKA ZA KUSIMAMA NILIZOUZIWA DUKANI KWENU

Nataka mnirudishie Sh68,000 zangu pamoja na spika zangu za zamani mlizozipokea kama sehemu ya malipo. Kadi iliyokuwa mbele ya spika hizi dukani inasema omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme). Kibandiko kilicho nyuma ya spika hizo hizo, pale waya zinapoingia, kinasema omu 4. Picha za vyote viwili nimeziambatisha, pamoja na nakala ya risiti na ujumbe wa M-Pesa.

Asiyeshughulika na mambo haya ataona ni tofauti ya tarakimu tu. Nyinyi mnauza amplifaya, kwa hiyo mnajua. Kwa volti zile zile, spika ya omu 4 huvuta umeme mara mbili ya ile ya omu 8. Amplifaya yangu imeandikwa nyuma "omu 6 hadi 16", na nilimwambia hivyo kijana wenu wa mauzo kabla hatujaanza hata kusikiliza. Akanionyesha kadi kwa kidole: "Mzee wangu, hizi ni nane, hazina neno." Sasa nikipandisha sauti kupita ya mazungumzo, amplifaya inapata moto hadi haishikiki, kisha inajizima. Ikipoa inawaka tena. Hiyo ni kinga yake ya ndani inafanya kazi, na siku itakaposhindwa nitabaki sina amplifaya.

Hata namna mlivyonilinganishia spika ina walakini, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa naamini wateja wengi wanapitishwa njia hiyo hiyo. Nilizileta spika zangu kwa tuktuk ili zisikilizwe pamoja na mpya. Zangu ni ndogo, za kuwekwa juu ya stendi au rafu. Mkaziweka sakafuni kando ya kaunta, tuita (vipaza vidogo vya sauti nyembamba) zikielekea magoti ya watu. Mpya mkazisimamisha katikati ya ukumbi, mbali na ukuta, zikielekea usawa wa masikio yangu. Waya zikahamishwa kutoka jozi moja hadi nyingine bila mtu kugusa kitufe cha sauti. Spika zangu ni za desibeli 86 (kipimo cha ukubwa wa sauti spika inayotoa kwa umeme ule ule), zenu mnasema ni 91, kwa hiyo mpya zilianza zikiwa juu kwa desibeli 5 hata kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Sikio la binadamu likipewa sauti mbili, moja imezidi kidogo tu, huipenda iliyozidi na kuiita safi. Ndiyo maana anayelinganisha kwa haki husawazisha sauti kwanza. Niliomba ipunguzwe, nikajibiwa kwamba nguvu ndiyo ubora wenyewe. Ili zangu zifike kiwango kile zilihitaji wati zaidi ya mara tatu. Amplifaya yenu ya maonyesho ilikuwa nazo tele. Ilikuwa ni kugeuza kitufe tu.

Tena hiyo 91 yenyewe tuitazame. Kadi yenu inasema desibeli 91 kwa wati 1. Kijitabu kilichomo ndani ya boksi kinasema desibeli 91 kwa volti 2.83, umbali wa mita 1. Volti 2.83 kwenye spika ya omu 8 ni wati 1, lakini kwenye spika ya omu 4 ni wati 2. Wati zikiongezwa maradufu, sauti hupanda desibeli 3. Basi kwa wati 1 spika hizi ni za desibeli 88, na hizo 3 nyingine zinatoka kwenye jasho la amplifaya. Aliyeandika kadi amekosea mara mbili, na makosa yote mawili yameangukia upande wa muuzaji.

Nililipa kwa sababu mbili: hiyo omu 8 iliyoandikwa, na muhuri uliopigwa kwenye risiti yenu, "kubadilisha au kurudisha ndani ya siku 7". Nilizirudisha muda haujaisha, zikiwa ndani ya maboksi yake. Mkakataa kuzipokea, eti spika iliyokwisha kufunguliwa hairudi. Spika itajaribiwaje nyumbani ikiwa ndani ya boksi?

Majibu mengine niliyopewa ni haya. Kwanza, kwamba nyumba za mawe za Mji wa Kale zina mwangwi. Ni kweli zina, ndiyo maana chumba changu kina zulia na mapazia mazito, na spika za zamani zilisikika humo vizuri kwa miaka. Lakini mwangwi hauzimi amplifaya. Pili, ikawa ni hewa ya chumvi imeingia kwenye vishikio vya waya. Chumvi ya bahari naijua, imeshanilia jokofu na mabati, ila sijaiona ikibadilisha maandishi ya kibandiko. Tatu, nikashauriwa ninunue kwenu amplifaya kubwa zaidi. Hilo ndilo lililonifanya niandike, maana mnataka nilipie mimi kosa la kadi yenu.

Silalamikii besi. Chumba changu ni chembamba na tundu la hewa la spika hizi liko nyuma, kwa hiyo zikikaribia ukuta besi inavimba. Hilo ni la kusogeza spika, ningelimaliza mwenyewe. Wala sisemi spika zenyewe ni mbovu; mwenye amplifaya inayostahimili omu 4 huenda akazifurahia. Mimi nilitaka kusikia taarabu, udi wa Zein l'Abdin na sauti ya Juma Bhalo, kwa wasaa zaidi ya nilivyozoea, na siku hizi sisikii hata wimbo mmoja hadi mwisho.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na ya kupewa maelezo anayohitaji ili anufaike nazo. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 nayo inakataza kumpa mnunuzi maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Sipendi kufika Mahakama ya Madai Madogo, lakini dai langu liko chini sana ya kiwango chake cha Sh1,000,000, na vielelezo ninavyo.

Spika zangu za zamani, mlizozithamini kwa Sh15,000, bado ziko dukani kwenu na sasa zina kadi ya Sh28,000. Naomba msiziuze kabla ya kunijibu. Mkipendelea kunibadilishia badala ya kurudisha pesa, nitakubali kwa sharti moja: nisikilize jozi nyingine yenye omu 8 iliyoandikwa kwenye kibandiko cha kiwanda, kwa amplifaya yangu mwenyewe, spika zote zikiwa kwenye stendi na sauti ikiwa imesawazishwa.

Nangoja jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Spika ziko tayari ndani ya maboksi. Duka ndilo litume gari la kuzichukua.

Mteja wenu,
(jina na nambari ya simu vimo kwenye nakala ya risiti)

Viambatisho: picha ya kadi ya dukani, picha ya kibandiko cha nyuma, ukurasa wa vipimo kutoka kwenye kijitabu, nakala ya risiti, ujumbe wa M-Pesa.