Barua ya malalamiko: Kulwa na Doto kwenye meza zenu za dola 5.50

Dar es Salaam

Kwa Meneja,
Kitengo cha Usalama wa Michezo

Ndugu Meneja,

YAH: WACHEZAJI WAWILI WANAOBEBANA KATIKA MASHINDANO MADOGO YA POKA, NA JIBU LENU LA AWALI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa tovuti yenu inasema mnahudumia wateja kwa Kiswahili, na pia kwa kuwa barua yangu ya kwanza, niliyoiandika kwa Kiingereza, ilijibiwa kwa maneno ambayo angeweza kutumiwa mtu yeyote aliyelalamikia jambo lolote. Mlisema mmepitia suala langu, hamkuona ushahidi wa kutosha, na kwa sababu za faragha hamwezi kueleza zaidi. Mwishoni mkanitakia bahati njema mezani. Nina wasiwasi kwamba aliyejibu hakufungua hata faili moja kati ya zile nilizoambatanisha, kwa hiyo safari hii nitaeleza taratibu, kwa hesabu.

Mashindano ninayozungumzia ni yale ya meza moja, watu tisa. Kila mmoja anatoa dola 5.50: dola 5 zinaingia kwenye zawadi, senti 50 ni ada yenu. Zawadi zote ni dola 45, wa kwanza akichukua 22.50, wa pili 13.50, wa tatu 9, na wa nne akiondoka mikono mitupu sawa na yule aliyetoka wa kwanza. Maana yake mchezaji wa kawaida, asiye hodari wala mbovu, anapoteza senti 50 kila anapokaa. Anayetaka faida lazima kwanza azirudishe hizo senti 50, ndipo aanze kuhesabu chake. Kwa muda mrefu mimi nimekuwa nikibakiwa na asilimia 8 hivi ya ninachotoa, yaani kama senti 44 kwa shindano. Fedha ndogo, najua, na wapo watakaocheka. Lakini sikuipata kwa kubahatisha. Naandika kila shindano kwenye daftari, najua ni wakati gani wa kusukuma chipu zote (vile vidonge vya kuwekea dau) ninapobaki na chache, najua nani hufuata ovyo, yaani hulipa dau la mwenzake bila kufikiri, na nani hutishia, na sikai mezani nikiwa na usingizi. Faida ya meza hizi ni nyembamba mno. Mtu akikuchomolea nusu dola kwa shindano amekwisha kukuhamisha kutoka kwenye faida hadi kwenye hasara, na wewe utadhani ni karata tu zimekukataa.

Akaunti mbili ninazozilalamikia nimezitaja kwa majina yao ya mezani kwenye kiambatisho. Hapa nitawaita Kulwa na Doto.

Chukueni mkono, yaani mgao mmoja wa karata, niliouwekea alama nyekundu. Tulikuwa tumebaki wanne, blaindi, yaani dau la lazima ambalo wachezaji wawili huweka kabla ya karata kugawiwa, ni 100 na 200. Kulwa alikuwa na chipu 5,500, Doto 1,000, mimi 3,500, na mchezaji wa nne, ambaye naamini hana habari na lolote, naye 3,500. Mimi nilitupa karata, yaani nilijitoa kwenye mkono huo, yule wa nne naye akatupa. Wakabaki wao wawili, Kulwa kwenye blaindi ndogo na Doto kwenye kubwa. Kulwa akapandisha hadi 600, Doto akafuata. Zikafunguliwa karata tatu za mezani. Kulwa akaweka 300. Doto akasukuma 400 zake za mwisho. Sasa Kulwa anatakiwa kuongeza 100 tu ili ashindanie 1,900 zilizokwisha kulala mezani, naye ana maelfu ya chipu mbele yake. Akatupa karata.

Naomba aliyesema hakuna ushahidi wa kutosha asome tena aya hiyo. Anayelipa 100 kushindania 1,900 anatakiwa ashinde mara moja tu katika mara ishirini ili asile hasara. Kwa bei hiyo mtu hufuata na karata yoyote ile. Tena akishinda, Doto anatoka, na sisi watatu wote tunaingia kwenye zawadi hapo hapo. Naona hali moja tu ambayo kutupa karata pale kungeeleweka: kama Kulwa alikuwa anaziona karata za Doto na akajua hana pa kutokea. Hiyo sasa itakuwa kesi nyingine, nzito kuliko hii.

Mtu wa huduma kwa wateja anaweza kusema: mkono ule ulikuwa wao wawili, wewe hukupoteza chipu hata moja. Ni kweli. Nilianza na 3,500 na nikamaliza na 3,500. Ila kwenye shindano chipu si fedha, na wachezaji wote makini huzigeuza kuwa fedha kwa hesabu iitwayo ICM, inayopima uwezekano wa kila mmoja kumaliza wa kwanza, wa pili au wa tatu. Kabla ya mkono ule, chipu zangu 3,500 zilikuwa na thamani ya dola 12.53. Baada yake, Kulwa akiwa amebaki na 4,600 na Doto amefufuka na 1,900, chipu zangu zile zile zilikuwa na thamani ya dola 11.85. Senti 68 zimeniponyoka na sikuwa na karata mkononi. Yule wa nne amepoteza kiasi hicho hicho bila kujua. Wao wawili kwa pamoja wameongeza takriban dola 1.35, ingawa jumla ya chipu zao, 6,500, haikubadilika hata kidogo. Chipu mia tisa zina uzito mkubwa zaidi mkononi mwa anayekaribia kutolewa kuliko mkononi mwa aliyeshiba, na hapo ndipo ulipo wizi wenyewe. Linganisheni hizo senti 68 na zile 44 ninazotarajia kwa shindano zima.

Sasa niwatendee haki, kwa maana najua shutuma kama hii ni rahisi kuitoa mtu akiwa ameliwa. Kukutana na watu wale wale kila jioni si kosa. Wanaocheza meza nyingi kwa dau hili si wengi, na saa zinazofaa kucheza ni zile zile kwa wote. Hata kukwepana si kosa. Wakibaki wanne na wanaolipwa ni watatu, wenye chipu nyingi kwa kawaida hawagombani wao kwa wao. Ni kama timu mbili zinazohitaji sare ili zote zivuke hatua ya makundi, mpira utachezwa katikati ya uwanja na hakuna aliyepanga na mwenzake. Na mtu anaweza kubonyeza kitufe ambacho hakukusudia. Kwa sababu hizo zote nilikaa kimya kwa muda, nikawa nakusanya.

Nilichokusanya ni hiki. Kulwa akiwa mezani bila Doto ni mchezaji mzuri kabisa. Akiwa na chipu nyingi huwabana wanyonge bila huruma, na akiambiwa aongeze mia kushindania elfu na mia tisa huongeza kama sisi wote. Mifano ipo kwenye faili, nimeipanga kwa tarehe. Doto akiingia, huruma inaanza, na inaanza kwa Doto peke yake. Sisi wengine tunaendelea kubanwa vile vile. Kama tatizo ni kidole kilichoteleza, basi ni kidole kinachojua nani amekaa kiti kipi.

Lipo na jambo la pili ambalo kwenye barua yangu ya kwanza sikulieleza vya kutosha. Wakiwa bado na chipu za kutosha wote wawili, na blaindi zimeanza kupanda, huwa wanamweka mtu katikati. Kulwa anapandisha, mimi nafuata, Doto anapandisha tena juu sana, Kulwa naye anaongeza juu yake. Mimi natupa, maana nimebanwa na watu wawili na sijui nani ana nini. Nikishatupa tu, mmoja wao naye anatupa, karata hazionyeshwi, chipu zangu zimebaki kwao. Mara moja ni mchezo wa kawaida, hata mimi huwa nafanya. Lakini nimepitia mikono yote ya namna hiyo niliyonayo, na hakuna hata mmoja ambao wao wawili walifika mwisho wakaonyeshana karata.

Mimi naona karata zinazofunguliwa mwisho wa mkono, basi. Ninyi mnaziona zote, hata zilizotupwa. Mnaona simu au kompyuta ipi iliingia kwenye akaunti ipi, kwa mtandao upi, saa ngapi. Mnaona fedha zinawekwa kutoka namba gani na zinatolewa kwenda namba gani. Swali la kama Kulwa na Doto ni watu wawili wanaopigiana simu, au ni mtu mmoja mwenye akaunti mbili, kwenu ni kazi ya mchana mmoja. Sikuomba majina yao, wala namba zao, wala mahali wanapoishi. Niliomba mwangalie. Faragha mnayoitaja haihusiani na kuangalia.

Na msiniambie mashaka ya wachezaji huwa ni kelele za walioliwa. Mwaka 2007, kashfa ya tovuti ya poka ya Absolute Poker, ambapo mtu alikuwa akiona karata za wapinzani wote, iliibuliwa na wachezaji waliochambua rekodi za mikono. Mwaka 2010 kulikuwa na kundi lililokula njama kwenye tovuti nyingine ya poka, PokerStars, katika mashindano madogo ya watu kumi ambapo watano hurudishiwa mara mbili na watano hukosa. Huko pia wachezaji ndio waliopiga kelele kwanza wakiwa na takwimu zao mkononi. Kampuni ilichunguza, ikafunga akaunti, ikawarudishia walioathirika zaidi ya dola milioni 2. Mashindano yale yanafanana sana na haya yenu: meza moja, na mstari mmoja mkali kati ya anayelipwa na asiyelipwa. Watu wawili wanaosaidiana hufaidi zaidi karibu na mstari huo, na hilo kila mwenye kampuni ya poka analijua.

Kwa sasa najilinda mwenyewe. Sijiandikishi mapema, nasubiri meza ikaribie kujaa, naangalia majina, na nikiwaona wote wawili naondoka. Muda wangu mwingi nimeuhamishia kwenye mashindano ya meza nyingi ambako programu ndiyo inayompangia mtu kiti. Nikijikuta nao bila kutaka, kila Kulwa anapopandisha dau nahesabu kwamba wamepandisha watu wawili, na kwenye blaindi yangu nafuata kwa karata chache zaidi kuliko inavyostahili. Faida yangu imeshikilia kwa njia hiyo, ila nacheza mashindano machache kuliko zamani, na wale wageni wanaojaza meza zenu kila siku hawana daftari. Senti 50 mnazokata kwa kila kichwa ni malipo ya meza salama. Haiwezekani ada mchukue ninyi na ulinzi nifanye mimi.

Kwa hiyo naomba mambo haya. Mikono yote waliyokaa pamoja akaunti hizo mbili ipitiwe na mtu anayejua poka, karata zote zikiwa wazi, na matokeo yao wakiwa pamoja yalinganishwe na matokeo yao wakiwa mbalimbali. Vifaa, mitandao na namba za kutolea fedha zikaguliwe. Ikithibitika, waliokaa nao mezani warudishiwe fedha, akiwemo yule wa nne ambaye huenda hatawaandikia kamwe. Isipothibitika, niambieni ni nini kilichoangaliwa. Sihitaji siri ya mtu, nahitaji kujua kama kazi ilifanyika.

Na kuna marekebisho ambayo hayahitaji uchunguzi wowote. Ukurasa wenu wa kujiandikisha unaonyesha nani ameingia kabla shindano halijaanza, kwa hiyo marafiki wawili wanachagua meza kama wanavyochagua viti vya daladala. Ficheni majina hadi shindano lianze, au watu wajiandikishe kwenye foleni moja kisha programu iwagawe kwenye meza yenyewe. Nitapoteza ile njia yangu ya kuwakwepa, nakubali. Lakini tafadhali msije mkaficha majina moja kwa moja, hadi mwisho wa mchezo, kwa kisingizio cha kutulinda. Majina yakifutwa kwenye rekodi, hakuna mchezaji atakayeweza kuwaonyesha nilichowaonyesha leo.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii, likiwa na jina la kitengo kilichofanya uchunguzi. Lisipokuja, au likija lile lile la mwanzo, nitapeleka faili hizi kwa chombo huru cha usuluhishi kilichotajwa kwenye masharti yenu chini ya leseni yenu ya Malta, pamoja na jibu lenu la kwanza kama lilivyo.

Wenu katika mchezo,

Mteja wenu, Dar es Salaam
(jina kamili na namba ya akaunti viko kwenye barua pepe iliyobeba barua hii)

Viambatisho: rekodi za mikono, zilizopangwa kwa tarehe, majina ya mezani ya akaunti zinazolalamikiwa, hesabu ya ICM ya mkono uliowekewa alama nyekundu, nakala ya jibu lenu la awali.