Jana kamba ilibeba tani mbili, kwa nini leo tunaikata?

Wateja wenye winchi kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, hutuuliza hivyo karibu kila ukaguzi. Kamba ya chuma haijaleta shida, jana imepandisha tani mbili, na sisi tunataka kukata mita mbili za mwisho. Jibu lake lilishapatikana kwenye migodi ya karne ya 19.

Wilhelm Albert alikuwa ofisa wa migodi huko Clausthal, Ujerumani. Migodi yake ilikuwa ya madini ya metali, na shida yake ilikuwa hii: minyororo ya kupandishia mizigo ilikatika kwa mzigo ambao ilikwisha kuubeba mara nyingi. Mwaka 1829 akaunda mashine ya kuutwisha mnyororo mzigo na kuuondoa, tena na tena, hadi mara 100,000. Chuma huchoka. Ufa mdogo huanza mahali panapopinda, ukakua kila mzigo unapopita, na siku ya mwisho hauhitaji mzigo mkubwa. Kwa hiyo kutundika uzito mkubwa mara moja ukaona kamba imeshika kunakupa habari za dakika ile tu.

Mwaka 1834 Albert akasokota kamba ya waya: misokoto 3, kila mmoja waya 4 zenye unene wa milimita 3.5. Pete moja ya mnyororo ikikatika, kizimba (kasha la kupandisha na kushusha watu na mzigo shimoni) kimekwenda. Waya mmoja kati ya 12 ukikatika, 11 zinabaki zimeshika, na ncha iliyochomoza unaiona. Sheria ya Uingereza ya migodi ya makaa ya 1887 ilikataza mnyororo wa pete mojamoja kupandisha watu, isipokuwa kipande kifupi cha kuungia kizimba. Pia ilitaka kamba, mnara wa juu ya shimo na reli zinazoongoza kizimba shimoni zikaguliwe angalau mara moja kila saa 24, na matokeo yaandikwe kitabuni.

Lakini kamba ya waya ina ujanja wake: huoza kwa ndani huku nje inang'aa grisi. Pabaya zaidi ni pale inapoingia kwenye kifungio cha kizimba, kwa sababu maji ya shimo hutuama hapo na mitikisiko yote huishia hapo. Macho hayafiki. Ndiyo maana tunakata, tunafumua misokoto, tunapinda na kuvuta waya mmojammoja, kisha tunafunga upya. Faida ya pili ni kwamba sehemu iliyokuwa ikikaa juu ya kapi kila kizimba kinapoanza kunyanyuliwa inasogea, na sehemu nyingine inapokea kazi hiyo.

Kuhusu kucha za usalama, yaani meno ya kukidaka kizimba kamba ikikatika, mafundi wa karne ile walibishana sana. Huko Pennsylvania, Marekani, baada ya moto wa mgodi wa Avondale wa 1869 ulioua watu 110, sheria ya 1870 ilizilazimisha. Waingereza wengi hawakuziamini. Zinafanya kazi hivi: mvuto wa kamba huzibana springi, kamba ikilegea, springi hufyatuka na kusukuma meno yaingie kwenye reli za mbao. Springi ikishika kutu, au vumbi la makaa likijaa kati ya meno, hazifyatuki. Kamba ikilegea kidogo wakati kizimba kinashuka kwa kasi, zinaweza kushika pasipotakiwa. Na kamba ikikatikia juu kabisa, mkia wake unaoburuzika kwenye kapi unaweza kuzichelewesha.

Ukilegeza kamba polepole na kucha zikashika, hujapima kitu, maana springi umezipa muda ambao ajali haitoi. Kipimo cha kweli ni kuangusha. Magogo huwekwa kukinga mdomo wa shimo, kizimba kitupu kinainuliwa kidogo juu yake, kinaning'inizwa kwa kipande cha kamba ya katani, kisha katani inakatwa kwa shoka. Unapima kimeshuka kiasi gani kabla ya kushika. Halafu unarudia kikiwa na mzigo.

Kizimba kupandishwa kupita kiasi hadi kwenye kapi ni balaa jingine, na hapo kucha hazikusaidii mpaka kamba ikatike. Edward Ormerod wa Atherton, Lancashire, alibuni ndoano ya kujifungua katika miaka ya 1860. Ikivutwa kwenye tundu la bamba lililo chini ya kapi, mabawa yake hubanwa, kamba huachiwa, na kizimba hubaki kimening'inia kwenye bamba. Rangi ikipakwa juu ya maungio yake, haifunguki. Tukiona mafundi wameipendezesha kwa rangi, tunaanza na hiyo.

Kabla hatujafika, tuandalie magogo mawili marefu kuliko upana wa shimo, kitabu cha ukaguzi wa kila siku, na safisha kamba kwa kitambaa bila kuongeza grisi mpya. Winchi itasimama siku nzima, na hakuna mtu atakayekuwa chini.