Dumu la Sita

Bagamoyo, Ijumaa asubuhi

Mtani wangu,

Assalamu alaykum. Huku tu wazima. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo, mbele ya duka pamekuwa bwawa, wateja wanaruka matofali kama vyura. Mama anakusalimia, anasema bado anadai ule mkeka ulioondoka nao.

Uliniuliza kwenye simu, na kicheko chenu hicho cha Kinyamwezi: "Hivi nyie mkishamaliza kuyumbayumba na kuhema usiku kucha, mnapata nini?" Nilikujibu ovyo, kuna mtoto alikuwa anasubiri robo ya sukari. Leo nakujibu. Nina na jambo jingine, ila hilo lina njia yake, nivumilie.

Wewe unakijua kile kinachoonekana. Usiku wa kuamkia Ijumaa, tukishasali isha, tunakaa halaka, yaani duara la dhikri, kumtaja Mungu, inasomwa Fatiha, La ilaha illa Allah inaanza taratibu. Baadaye tunanyanyuka, mkono kwa mkono, na sauti inashuka kifuani kidogo kidogo mpaka inabaki pumzi tu. Nakibu, msimamizi wetu, anapita katikati, aliyetoka kwenye mwendo anaguswa bega, anarudi. Naipenda dhikri, sikufichi. Kulia kwangu husimama mvuvi mwenye viganja kama msasa, kushoto karani, na ikifika pale pa pumzi sijui tena jasho hili la nani. Wapo wanaosema ni bidaa, na mmoja wao ni shemeji yako. Sibishani naye. Ubishi huo ulikuwepo kabla sijazaliwa na utanizika.

Ila dhikri ya halaka, mtani, ndiyo nyepesi. Ukichoka wenzako wanakubeba. Shughuli iko nyumbani, ukiwa umezima taa.

Siku niliyochukua twarika, yaani nilipoingia njia hii ya Kisufi, khalifa, kiongozi wetu, alinishika mkono, akanipa uradi, maneno ya dhikri ya kusoma baada ya sala (idadi yake sikuandikii, hiyo ni baina ya murid, yaani mwanafunzi, na khalifa wake), kisha akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema nina duka. Akacheka mpaka kofia ikasogea. "Basi nusu ya kazi unaijua. Ukishafunga mlango usiku unafanya nini?" Nikamwambia nafungua kauntabuku, nahesabu kilichotoka, kilichoingia, na waliokopa. "Haya. Ukimaliza ya duka, fungua na la pili."

Nilidhani ni maneno yake mwenyewe. Kumbe Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliifananisha nafsi na mshirika wa biashara. Asubuhi unaiwekea masharti, mchana unaichunga, jioni unakaa nayo chini mnafanya hesabu, na ikionekana imekula mtaji unaitoza. Kila hatua ina jina lake. Mimi yamenikaa mawili: muraqaba, yaani kukaa ukijua kwamba unaonwa, na muhasaba, kujihesabu. Huko Baghdad, zamani kabla hata ya Sheikh wetu Abdul Qadir Jilani, ambaye twarika yetu ya Qadiriya inaitwa kwa jina lake, kulikuwa na mtu aliyejihesabu mpaka likawa ndilo jina lake, al-Muhasibi. Fikiria, mtu anaitwa kwa hesabu zake! Mimi mtaani naitwa Chenji Hamna.

Basi nikaanza. Nazima taa, nakaa kitandani, narudi nyuma: kutoka saa ile mpaka alfajiri, neno kwa neno, mteja kwa mteja. Miezi ya mwanzo nilijiona walii. Kila nikirudi nyuma nakuta fulani kanidharau, fulani kachukua mafuta kwa ahadi ya mwisho wa mwezi na mwezi umepita, fulani kapunguza salamu. Daftari la pili likajaa haraka kuliko la kwanza, na ukurasa wote ni wa ninaowadai. Wanaonidai, hakuna hata mmoja.

Nikaja kushtuka siku ya ziara. Tumesimama kwenye kaburi la Sheikh Yahya bin Abdallah, huyu tunayemwita Sheikh Ramiya. Unajua habari zake. Aliletwa mtumwa kutoka Manyema, kule Kongo, enzi za misafara ile ambayo babu zako walibeba pembe, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa sheikh mkubwa wa Qadiriya katika pwani hii. Nikawaza: huyu ndiye aliyekuwa na haki ya kuandika daftari la anaowadai. Lingekuwa refu kutoka hapa mpaka kwenu Tabora. Na mimi nimejaza kurasa kwa sababu ya mafuta ya kula.

Usiku ule nilipozima taa sikurudi mpaka alfajiri tu. Nilirudi mbali zaidi, nikalikuta dumu lako.

Unakumbuka mwaka juzi uliniletea asali, madumu sita ya lita ishirini ishirini, kwa basi. Nilikupigia nikasema dumu moja limemwagika lote njiani, makuli hawajui kupakia. Ukasema, "Basi mtani, riziki ya barabara." Hukuuliza hata swali moja.

Halikumwagika. Kifuniko kilikuwa na ufa, asali imechuruzika ubavuni, kipande cha gazeti kimeganda pale na sisimizi wamejipanga juu yake kama msafara. Ilipotea labda chupa moja ya soda. Nililifuta kwa kitambaa chenye maji ya moto, nikahamishia kwenye dumu jingine, nikaiuza yote kwa watu wa harusi kabla sijafungua hata lile la kwanza. Nimelisingizia basi, na makuli nao.

Na unajua nilijiambia nini? Nilijiambia huyu ni mtani wangu. Mtani anakamata kuku wa mtani wake na watu wanacheka. Ni kweli, ila kuku anakamatwa uani mchana, mwenyewe anapiga kelele. Mimi nilichukua gizani halafu nikakupa pole.

Nilikwenda kwa khalifa kumweleza. Nilijiandaa, nimevaa kanzu safi, nadhani nilitaka anililie kidogo. Alisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Mwenye asali yu hai?" Nikasema yu hai. "Ana simu?" Anayo. "Sasa mimi unanieleza ili iweje?" Akaendelea kunywa kahawa yake.

Simu nimeshindwa, ndiyo maana naandika. Nimeanza mara tatu kukupigia, na mara zote tatu tumeishia kuongea habari za mpira.

Kwa bei ya siku ile dumu lilikuwa laki moja na themanini elfu. Ile chupa iliyochuruzika kweli nilitaka kuitoa kwenye hesabu. Nimeiandika, nimeifuta, nimeiandika tena, nimeifuta. Imebaki ni dumu zima. Nikikutana na wale makuli wa stendi sijui nitawaambia nini, hilo bado natafuta.

Nijibu kama namba yako ya kupokea pesa ni ileile au umebadilisha laini, maana mara ya mwisho lilitokea jina la mkeo na sitaki aanze kukuuliza maswali kabla yangu. Na matusi uliyonayo nitukane kwa simu. Usiandike, hawa watoto siku hizi wanasoma kila kitu.

Ni mimi mtani wako,
wa dukani, Bagamoyo