Anajua Kikorea, lakini je, anaijua mashine?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na kampuni zinazotafuta wafasiri na wakalimani wa kujitegemea kutoka Kiingereza kwenda Kikorea, kwa ajili ya miongozo ya mitambo, hati za hataza (haki za kumiliki uvumbuzi) na mafunzo ya mafundi. Kazi yangu ni kuratibu tafsiri za aina hii, na kosa ninaloliona likirudiwa ni kwamba mwajiri huuliza kama mtu anajua Kikorea, asiulize kama anaijua mashine.

Niliwahi kupokea mwongozo wa pampu uliofasiriwa kwa Kikorea fasaha, kisicho na kosa hata moja la sarufi. Neno la Kiingereza "housing", ambalo pale lilimaanisha ganda linalofunika sehemu za ndani za pampu, lilikuwa limefasiriwa "jutaek", yaani nyumba ya kuishi watu, ilhali fundi wa Korea Kusini angetarajia kusoma "haujing", neno lilelile la Kiingereza lililokwisha kuzoeleka karakanani. Lawama ilikuwa yangu, kwa kuwa nilimpa mfasiri kazi bila kumwuliza kama amewahi kusoma mchoro wa pampu.

Kikorea cha ufundi huchanganya istilahi zenye asili ya Kichina na maneno yaliyotoholewa kutoka Kiingereza, na kila tasnia ina mazoea yake ambayo kamusi ya kawaida haiyaonyeshi. Ndiyo maana naona ni heri kumpa mwombaji kipande halisi cha kazi, chenye maneno mia tatu hivi, na kumlipa kwa kipande hicho, kisha kukipeleka kwa mhandisi ambaye Kikorea ndiyo lugha yake ya kwanza. Kiwango cha kimataifa cha ISO 17100 cha mwaka 2015, kinachohusu huduma za tafsiri, kinamkubali kuwa mfasiri hata mwenye shahada ya fani isiyo ya ufasiri, mradi awe amefanya kazi ya kufasiri kwa miaka 2, na kinataka kila tafsiri ipitiwe na mtu mwingine asiye mfasiri mwenyewe. Kwa hiyo mhandisi aliyegeukia ufasiri asikataliwe kwa sababu ya cheti, na malipo ya huyo mpitiaji yaingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Mkalimani, yaani anayefasiri kwa mdomo, ni mtu mwingine kabisa, na wengi wanaoandika vizuri hawaiwezi kazi yake. Katika Kikorea kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, na aghalabu ukanushi huja pamoja nacho, hivyo mkalimani anayesikia katazo mwanzoni mwa sentensi ya Kiingereza hulazimika kulishika kichwani hadi afike mwisho. Namba nazo ni mtego, kwani Kikorea huhesabu kwa makundi ya elfu kumi, yaitwayo "man", na milioni mia moja huitwa "eok". Milioni 350 inageuka kuwa "eok" 3 na "man" 5,000, na hesabu hiyo hufanywa huku msemaji akiendelea kusema. Hii ndiyo sababu wakalimani wa papo kwa papo hufanya kazi wawiliwawili na kupokezana kila baada ya dakika 20 au 30, na anayeajiri mmoja kwa siku nzima ili kubana matumizi anawaumiza mkalimani na wasikilizaji pia.

Vyuo vinavyowafunza watu hawa vipo. Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni mjini Seoul kina shule ya uzamili ya ukalimani na ufasiri tangu 1979. Lakini hata mhitimu bora hataweza kukisia istilahi za mtambo ambao hajauona. Nawasihi waajiri wampelekee mkalimani michoro, orodha ya istilahi na hotuba wiki moja kabla ya mkutano, na siku anazotumia kuzisoma wazihesabu kuwa siku za kazi na wamlipe.

Wako katika ujenzi wa lugha,
Mratibu wa tafsiri za ufundi